Imelda Hatakuwa Nesi

Dada Kunigunda,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikakaa kidogo, maana hapo ndipo ulipokuwa ukijibu, "Marahaba, Anselmi. Umekula?" hata kabla sijavua kofia. Nimekula, dada. Ugali na mchicha.

Bado niko huku Korogwe, kwenye mkonge. Shamba limeuzwa, lina tajiri mpya, na wenzangu wengi wamepunguzwa. Mimi nimebaki, nakata. Mikono imekuwa migumu kama gome, kwa hiyo usiucheke mwandiko. Na shule yangu unaijua, iliishia darasa la nne.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao. Imelda yuko kidato cha nne sasa. Mwalimu wao alimwambia kila mmoja achague kazi anayoitaka, aende akawaulize wanaoifanya, kisha aandike. Wenzake walikwenda hospitali na benki. Yeye alichagua sheria. Akaniandikia kuniuliza hakimu anaendewaje. Nami, kwa ujinga wangu, nikamjibu kama tulivyolelewa: kwa mkubwa mtu haendi mikono mitupu.

Basi akajaza kikapu usipa mkavu wa ziwani, akapanda nao lori kutoka Lituhi mpaka Mbinga, akaingia nao mahakamani. Karani alipouona alishika kichwa.

"We binti, una kesi hapa?"

Hana.

"Ndugu yako anayo?"

Hana.

"Sasa samaki wa nini? Unataka tufungwe wote?"

Hakimu, mama wa makamo, akamwambia akiweke kikapu nje kwanza, ndipo waongee. Aliporudi akamwambia, "Mwanangu, najua umekuja kwa heshima. Lakini nikila usipa wako leo, kesho mwenye kesi ataniletea mbuzi, naye atasema ni heshima." Kisha akamkalisha, akamjibu maswali yote. Siku hiyohiyo Imelda akamkuta wakili aliyetoka Songea, amekaa barazani anasubiri kesi yake iitwe, amevua viatu. Huyo naye akamwambia kazi yenyewe ni kusoma kuliko kusema. "Kama unapenda kubishana tu, kafungue kilabu cha pombe."

Yote hayo kayaandika kwenye daftari, akanitumia. Nililisoma wakati wa mapumziko, nacheka peke yangu mpaka wenzangu wakauliza kama nimepata mchumba.

Halafu nikarudia ukurasa wa kwanza, ambao nilikuwa nimeuruka haraka. Swali lake la kwanza kwa hakimu lilikuwa hili: "Mjane asiyejua kusema mbele za watu, nani anamsemea?" Hakimu alimjibu kwamba mara nyingi hana wa kumsemea.

Dada, nilidhani hakumbuki. Alikuwa na miaka sita shemeji alipofariki na ndugu zake wakachukua nyumba. Sote tulikwambia nenda mahakamani, ukakataa. Ulisema kule wanashinda wenye midomo. Ukabeba sufuria zako, ukamshika mtoto mkono, ukarudi kwa mama. Kumbe mtoto alikuwa anatazama.

Mwisho wa daftari ameandika hivi: "Mjomba, wanataka fomu. Ni chuo cha uuguzi au kidato cha tano. Najua mama alitaka niwe nesi. Ukisema nesi, nitakuwa nesi, sitanung'unika."

Heri angenung'unika.

Nakumbuka siku ile ya mwisho, kitandani pako. Ulinishika kidole hiki kimoja, nguvu ya kushika mkono wote hukuwa nayo, ukasema, "Awe nesi, Anselmi. Asiishi kwa kugombana na watu." Nikasema ndiyo. Sikusema ndiyo ya kukunyamazisha. Niliisema kweli.

Lakini wewe uliyesema hujui kusema, wanawake walipogombania vichanja vya kuanikia samaki pale ufukweni, walimwita nani awaamue? Si wewe? Ukawaambia, "Mmoja aseme, mwingine ameze mate." Nimekusikia mwenyewe. Na walitulia, hata yule Bibi Ditrika asiyetulia kanisani.

Fomu nimeitia sahihi jana. Kidato cha tano.

Nimevunja neno lako, dada. Sikumwambia Imelda kwamba nilikuahidi. Nimemwambia tu asome. Asije akabeba na hilo. Kosa ni langu, na tukionana nitalijibu mwenyewe, bila wakili. Ukiwa na hasira, nisubiri mimi.

Sasa nakupa neno jingine, na hili sitalivunja: mikono hii ikiwa bado inashika panga, Imelda hatarudi nyumbani kwa kukosa ada. Na siku atakaposimama kumsemea mjane wa watu, nitakuwepo nimekaa kwenye benchi, hata kama itabidi nishikwe mkono kuingia.

Lala salama, dada yangu.

Mdogo wako,
Anselmi