Namba Yangu Kwenye Saa ya Injini

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimewazidi akili watu wazima watatu kabla ya saa tano asubuhi. Naandika hapa kwa sababu mjomba hataki kusikia. Anasema duka lake ni dogo, mimi na sifa zangu hatuenei humo.

Hali ni hii. Tunauza saa za mazoezi, zile za kuvaa mkononi zinazohesabu hatua. Za watu wazima zipo za kila aina. Za watoto? Moja tu! Bangili ya mpira, kijani kama chura, inahesabu hatua basi. Ukijaribu kuunganisha saa nyingine na akaunti ya mtoto, programu inakataa: chombo hiki hakiruhusiwi kwa umri huu. Wazazi wamechacha. Baba mmoja, mwalimu wa hesabu, mwanawe anaogelea kila siku, na bangili haijui kuogelea. Inamwandikia sifuri. Mama mmoja anataka inayopima usingizi. Wananifokea mimi utadhani kiwanda ni changu.

Halafu kuna fundi wa nguo, mlango wa tatu kutoka kwetu. Yeye hafoki. Alisimama na sindano yake imechomekwa kwenye kola, akasubiri wenzake waishiwe pumzi. Anataka saa ya mapigo ya moyo. Kijana wake ana miaka tisa, alizaliwa na moyo wenye hitilafu. Ukianza kwenda mbio kupita kiasi anatakiwa akae chini, na mama yake ajulishwe haraka. Saa hiyo tunayo, iko kabatini naiona! Inapima, inatuma taarifa kwenye simu. Lakini ni ya kuanzia miaka kumi na sita.

"Wewe Profesa," akasema, "kweli hakuna njia?"

Profesa ndilo jina langu mtaani. Niliishia kidato cha pili — huo ndio utani wenyewe. Mimi nalivaa kama kofia.

Nikamjibu, mama, kwangu njia haijawahi kukosekana.

Jumatano, 5 Machi

Nimewaandikia kampuni inayotengeneza saa barua kwa niaba ya wazazi. "Sisi wazazi wenye uchungu na watoto wetu tunadai saa zaidi." Moto! Nikaiweka kaunta watie sahihi. Mwalimu wa hesabu akaisoma, akatoa kalamu nyekundu — anatembea nayo mfukoni! — akaanza kusahihisha mbele ya watu wote. Makosa kumi na saba. Chini akaandika: "Hoja nzuri. Mwandiko uangaliwe."

Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote. Masikio yalikuwa yanawaka.

Kijana wa fundi naye alikuwepo. Nimempa jina la Injini, kwa ajili ya huo moyo wake, na yeye kalipenda, akiingia dukani anaunguruma na kupiga honi. Yeye hakucheka. Akaniuliza, kaka Profesa, kumi na saba ni nyingi au chache?

Nikamwambia ni rekodi.

Jumanne, 11 Machi

Kampuni wamejibu. Mistari miwili. Asante kwa maoni yako, tunayathamini. Nimewasomea wazazi kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Hakuna aliyecheka. Fundi wa nguo aliikunja karatasi mara nne, akaiingiza kwenye pochi kama vile ni dawa.

Jumatatu ijayo shuleni kwa Injini wanaanza mazoezi ya michezo. Mwalimu wao amesema atamweka pembeni, akae kivulini. Mama yake anasema Injini na pembeni hawaelewani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata! Akaunti ya mtoto inakataa? Basi asiwe mtoto!

Nimefungua akaunti mpya, nikarudisha mwaka wa kuzaliwa nyuma. Injini ana miaka kumi na tisa kuanzia leo. Nikampa mkono: hongera mzee, sasa tukutafutie mke. Akasema kwanza anataka baiskeli. Saa ikakubali, mapigo yakatokea kwenye kioo, yanaruka kama samaki. Fundi akaweka mkono mdomoni.

Mwishoni programu ikauliza: taarifa za hatari zitumwe kwa nani? Mwenye namba lazima athibitishe hapo hapo. Simu ya fundi ilikuwa kwake kwenye chaji, imezima kabisa. Angeifuata, dakika kumi zingetosha. Lakini nje washikaji wananipigia mluzi, mpira unaanza, na mimi ndiye golikipa. Nikaweka namba yangu. Nikajithibitisha mwenyewe. Ya kushikia nafasi tu, kesho naibadilisha.

"Imekwisha, mwanangu?"

"Imekwisha, mama."

Tulifungwa tatu.

Jumamosi, 15 Machi

Habari zimesambaa. Leo nimewakuza watoto watatu, akiwemo muogeleaji wa mwalimu. Hao nimewawekea namba za wazazi wao, simu zilikuwepo.

Ya Injini bado ni yangu. Raha yake! Saa nne simu ikalia: mapigo yamepanda. Nikachungulia mlangoni, nikamwona kule anasukuma tairi bovu. Nikapiga kelele, "Injini! Punguza gia!" Akaganda. Akatazama juu, akatazama nyuma. Akakaa juu ya tairi lake kwa adabu. Anadhani mimi ni mchawi.

Mwalimu wa hesabu hatosheki na kitu. Akauliza, hizo taarifa za hatari zinakwenda kwa nani hasa? Nikasema kwa mzazi, mwalimu, kwa nani tena? Akaandika kwenye kidaftari chake.

Jumatatu nitabadilisha.

Jumatatu, 17 Machi

Taarifa tisa tangu asubuhi. Tisa! Injini kapanda ngazi. Injini kacheka sana. Injini kakimbilia maji. Mjomba akauliza hii ni simu au kengele ya shule, na mteja akiwa anaongea ndipo inapolia. Nikaibonyeza kimya ile programu ya saa. Simu na meseji zote zinalia, taarifa za saa peke yake zimenyamaza.

Nilitaka kwenda kwa fundi tubadilishe namba. Kulikuwa na foleni ya wateja wenye vioo vya simu vilivyopasuka. Halafu nikasahau. Hapana, sikusahau. Niliona uvivu.

Jumatano, 19 Machi

Fundi kapita na kitambaa begani. Kanipima mabega kwa macho, bila futi, akasema simama wima. Kisha akasema tangu kijana avae ile saa anashona kwa amani. Simu yake haijalia hata mara moja.

Nikamwambia ndiyo maana yake, mama. Kimya ni salama.

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Simu yake ilikuwa mkononi mwake. Ningesema tu, hebu nipe mara moja. Lakini ningeanzaje, siku sita baada ya kusema imekwisha?

Ijumaa, 21 Machi

Injini kaanguka shuleni.

Muuza viatu ndiye aliyeleta habari. Kijana alitoka kivulini akajiunga na mbio za kupokezana, alikimbia mizunguko miwili, akaanguka uso chini. Fundi alipita mbele ya duka letu anakimbia, mguu mmoja una kiatu, futi bado inaning'inia shingoni.

Nikaingia stoo nikafungua simu.

Saa nne na dakika kumi na mbili. Mapigo yamepanda. Saa nne na kumi na sita. Hatari. Saa nne na ishirini na moja. Hatari, mkalishe.

Wanasema alianguka kama saa nne na nusu.

Kutoka kwa fundi hadi shuleni ni dakika tano. Kwa kukimbia kama alivyokimbia leo, tatu.

Saa nne na dakika kumi na mbili mimi nilikuwa namsimulia mteja jinsi ninavyodaka penalti.

Jumamosi, 22 Machi

Yuko hai. Nimefuta vioo vya kabati mara nne. Mjomba kauliza kama naumwa.

Jumatatu, 24 Machi

Nimekwenda hospitali. Nilizunguka nje ya geti mara tatu kwanza, mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Injini amekaa kitandani, ana nyaya zimebandikwa kifuani, mdogo kuliko nilivyomzoea. Akaniona akaunguruma, lakini kwa chini, kama gari linalokataa kuwaka. Akaniambia, kaka Profesa, nilikuwa wa pili! Nikamwambia wewe ni balaa.

Mama yake akanivuta kwenye korido. Nikajua ndiyo leo. Nikajiandaa, hata kibao nilikitaka.

Akanishukuru! Daktari kasema angekalishwa mapema asingefika hapo, lakini saa haikutoa taarifa, vitu vya kiwandani ndivyo vilivyo. "Wewe ulijitahidi, mwanangu. Wengine hata kunisikiliza hawakunisikiliza." Akatoa mfuko wa karatasi chini ya kiti. Shati. La samawati, mikono mirefu, mfuko kifuani. Alilimaliza Alhamisi, siku moja kabla.

Nilisema asante. Nilisema asante! Ndilo neno pekee lililotoka.

Nimelijaribu nyumbani. Limenikaa kama nimezaliwa nalo. Bora lingenibana.

Jumatano, 26 Machi

Nimeziondoa taarifa za saa kwenye kimya. Sauti nimeipandisha hadi mwisho. Saa bado iko mkononi mwake, na ikilia tena nitakimbia mimi mwenyewe, hata peku.

Nikajaribu kubadilisha namba kimyakimya. Haiwezekani. Programu inasema ujumbe utakwenda kwa namba ya zamani na kwa namba mpya, na zote mbili zitaonekana. Fundi namba yangu anaijua kwa kichwa, ananipigia kila simu yake ikizingua.

Naweza kufuta akaunti nzima. Kitufe kipo, chekundu. Nimekiangalia sana leo. Nikifuta, rekodi zinakwenda, na Injini anabaki na saa isiyomwambia mtu yeyote kitu.

Sijafuta. Wala si kwa wema. Niliogopa tu.

Ijumaa, 28 Machi

Injini karudi nyumbani.

Mwalimu wa hesabu kaja dukani na wazazi watano nyuma yake. Wanataka barua ya pili kwa kampuni. Kali. Kwamba wanawanyima watoto saa nzuri, na hata ile moja iliyopatikana imekaa kimya mtoto akikaribia kufa. "Uandike wewe, Profesa," akasema. "Ile ya kwanza ilikuwa na moyo. Safari hii sikusahihishi hata nukta."

Akaniwekea karatasi mbele. Na ile kalamu yake nyekundu, ati niitumie kwa sehemu muhimu.

Nikaandika tarehe. Nikaandika "Sisi wazazi". Nikaweka kalamu chini. Nikasema kichwa kinaniuma. Mjomba akasema mwacheni, tangu mtoto aanguke huyu halali, ana roho nyepesi. Wazazi wakanitazama kwa huruma. Mmoja kaniletea soda.

Niliinywa yote. Hata kuikataa nimeshindwa.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika juu ya kaunta, mchana kweupe.

Fundi wa nguo yupo hapa, amekaa kwenye benchi. Injini yuko pembeni yake, na saa mkononi. Mwalimu wa hesabu kamwambia barua haina nguvu bila rekodi za saa. Lini ilipima, lini ilitakiwa kulia, kwa nani. Kaja nimfungulie nimwandikie. Nimevaa shati lake. Jana alituma mtu kuniuliza kama lina kasoro, maana hajaniona nalo.

Rekodi ziko wazi mbele yangu kwenye kompyuta. Mistari mitatu ya Ijumaa ile. Mbele ya kila mstari: imetumwa, imefika. Na namba yangu, tarakimu zote.

Nimemwambia, subiri kidogo mama, nanakili. Nikachukua daftari hili. Yeye anadhani hizi ndizo rekodi. Kasema andika taratibu mwanangu, usikosee.

Mjomba kaenda benki. Tupo watatu tu. Kama kusema, ni sasa. Nimeshafungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nikakohoa, ya pili nikasema leo kuna joto. Kakubali, kuna joto.

Injini kachoka kukaa. Anapanda benchi, anaruka, anapanda, anaruka. Mama yake anamkemea, "We mtoto, tulia, umesahau ulikotoka?" Anaunguruma. Ananionyesha, kaka Profesa, tazama gia ya nne! Karuka tena.

Simu yangu inalia.

Iko kwenye mfuko wa kifuani. Sauti yote. Shati zima linatetema.

"Pokea, mwanangu, huenda ni mteja."

Saa ya Injini nayo inatetema. Ameinua mkono anaitazama. Anatazama mfuko wangu. Ameketi chini, mwenyewe, bila kuambiwa, kama siku ile ya tairi.

"Mama," anasema, "mbona zimelia pamoja?"

Nasikia benchi linalia, fundi amesimama. Simu haijanyamaza. Na mimi naandika tu, naandika, maana nikiweka kalamu chini itabidi niinue uso