Nusu ya Meza

Bungoma, Oktoba 1991

Wabwile mwanangu,

Huku mvua imekataa kuisha. Mahindi yanaoza shambani, na yule ng'ombe amezaa dume tena, ni kama ananichokoza.

Picha yako na kile kikombe ulichoshinda Ujerumani imefika. Baba yako aliishika kichwa chini miguu juu, akasema umenenepa.

Daktari wa Kitale alisema macho ya baba yako hayatarudi. Mzee amenikataza nisikwambie, ati utaacha kazi yako ya mpira wa meza huko klabuni urudi kumshika mkono. Amekataza yeye. Mimi sikuahidi kitu.

Ile meza aliyokutengenezea ingali kwenye veranda. Nusu moja ameisimamisha kama ukuta, vile ulivyofanya ukicheza peke yako. Kila jioni anapiga mpira, unagonga ubao, anausikiliza ukirudi. Ukianguka anautafuta kwa mguu, na ole wake atakayemwokotea.

Kwa hivyo picha zatosha. Ukija Krismasi, usibishe hodi. Laza ile nusu ya meza, simama hapo, umrudishie mpira.

Atakujua.

Ni mimi mama yako,
Nakhungu