Koti la Minki na Macho ya Watu

Jumapili, mwishoni mwa Januari 2016
Saint Louis Park

Jua la leo ni la uongo. Ukilitazama ukiwa ndani unaweza kudhani utatoka na kandambili. Ukifungua mlango tu, pua inaganda kabla hujavuta pumzi ya pili. Niko off leo na kesho, ningepaswa kuwa nimelala, lakini moyo umekataa kutulia.

Ni kwa sababu ya koti.

Sijawahi kuliandika hapa, labda kwa kuwa nililipenda kupita kiasi. Nilipewa kabla ya Krismasi na Bi Dolores, mama mzee aliyekuwa akiishi ghorofa ya chini yetu. Kwa miaka yote tuliyokaa jengo moja nilikuwa nikimpima presha nikitoka kazini, naye alikuwa akimfundisha binti yangu Makena kuoka biskuti. Sasa alikuwa anahamia Arizona kwa mwanawe, ambako theluji huonekana kwenye televisheni tu. Akabisha hodi akiwa amelikumbatia koti kama mtoto aliyelala. Manyoya ya minki, rangi ya kahawa iliyokolea, refu hadi chini ya magoti. Marehemu mumewe alimnunulia walipokuwa vijana. Mkwe wake halitaki. Wajukuu wake wamesema hawawezi kulala nyumba moja nalo.

"Siwezi kulitupa," aliniambia. "Nikilitupa, wale wanyama watakuwa wamekufa mara mbili."

Minki, kwa wasiomjua, ni mnyama mdogo, mrefu, mwembamba, wa ukoo wa kicheche, anayependa kukaa karibu na maji. Koti moja linahitaji wengi. Sikuuliza ni wangapi.

Mimi ni mtoto wa Timau, chini ya Mlima Kenya, ambako asubuhi nyingine nyasi huamka nyeupe kwa jalidi. Ngozi si kitu kigeni kwangu. Kondoo tulimla nyama, ngozi yake tukailalia, na hakuna aliyeona haya. Lakini nilipolivaa hili mbele ya kioo, nilijua si ngozi ya kulalia. Lilikuwa zito mikononi, kisha lilipokaa mabegani likawa jepesi, kama mkono wa mtu anayekupenda. Nilisimama pale muda mrefu. Niligeuka kushoto. Niligeuka kulia.

Acha niseme ukweli, maana hapa ndipo mahali pangu pa kuusemea.

Sikuwa na shida ya joto. Nina jaketi langu la baridi, lile nene linalonifanya nifanane na godoro lililokunjwa, na linanitosha hata siku ambazo kope zinashikana kwa barafu. Nilichopenda ni kuangaliwa. Kazini watu huangalia beji yangu, au sindano iliyo mkononi mwangu. Dukani hawaangalii chochote. Siku niliyoingia duka moja huko Eden Prairie nikiwa na lile koti, mzee wa Kizungu alisimama, akanishikia mlango, akainamisha kichwa kidogo. Nilirudi kwenye gari nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Nilijiona mtu.

Makena hakutabasamu. Ana miaka kumi na sita na aliacha nyama mwaka jana. Mazungumzo yetu huenda hivi: mimi nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye mkaidi. Siku ya kwanza niliyotoka na koti alikataa kukaa kiti cha mbele. Alipanda nyuma, akajibanza mlangoni.

Nilimwambia wale wanyama walikufa kabla yeye hajazaliwa, kabla hata mimi sijazaliwa. Nikilivaa au nisilivae, hawafufuki. Si afadhali lipashe mtu joto kuliko liozee jalalani?

Aliniangalia kwenye kile kioo cha dereva. "Sina wasiwasi na hao, Mum," alisema. "Nina wasiwasi na wale ambao bado wako hai. Kuna mtu atakuona ulivyopendeza, na yeye atataka lake. Na huyo hatapewa na Bi Dolores. Ataenda dukani."

Nilicheka. Nani wa kuniiga mimi?

Kanisani kwetu tuko Wakenya na ndugu zetu waliotoka Kongo ya mashariki, na siku ile ya kwanza akina mama wote walinizunguka. Kila mmoja alitaka kushika. Isipokuwa Mama Furaha. Huyu ni mama wa Kivu, fundi cherehani, ndiye anayetushonea vitenge nusu ya kanisa. Alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Kwetu ngozi haivaliwe na kila mutu," alisema. "Ni ya mwami, ya mufalme. Ukionekana nayo watu wanakuuliza: umeua, ao umepewa?"

"Nimepewa."

"Alors, vaa basi." Akacheka, lakini hakushika.

Wiki kadhaa zimepita tangu hapo, na kila Jumapili nimelivaa.

Leo akaja Shiru.

Shiru ni binti wa Nakuru, amemaliza uuguzi juzijuzi na kupata kazi kliniki moja huko Lakeville. Hana ndugu hapa. Ananiita Mama Makena, lakini nadhani moyoni ameniweka mahali pa mama yake. Ibada ilikuwa haijaanza. Aliingia mlangoni, na minong'ono ikamtangulia hadi mbele. Alikuwa amevaa koti jipya la manyoya ya mbweha, la kijivu linalong'aa, kola imepanda hadi masikioni. Alikuja moja kwa moja kwangu, akazunguka mara moja ili nione nyuma na mbele.

"Mama Makena, niangalie! Wewe ndiye ulinifungua macho."

Watu wakapiga makofi. Niligeuza shingo kumtafuta Makena. Alikuwa amesimama karibu na mlango, amesikia kila neno. Aliangalia sakafu.

"Umependeza," nilimwambia Shiru.

Na alikuwa amependeza kweli. Hapo ndipo penye shida yote.

Sikumbuki mahubiri. Baada ya ibada nilimfuata Shiru hadi anapoegesha gari. Alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo, mikono ya koti imeteleza hadi kwenye viwiko.

"Shiru," nilisema, "hili langu ni la zamani. Lilikuwepo tayari. Hakuna aliyeuawa kwa ajili yangu."

Aliacha kukwangua. "Kwani la zamani halikuwa na damu?"

"Lilikuwa nayo."

"Ama ni mimi ndiye sifai kulivaa?"

"Sijasema hivyo, mwanangu."

Midomo ilikuwa ikimtetemeka, sijui ni kwa baridi au kwa uchungu. Kisha akaniambia maneno ambayo sitayasahau.

"Nimevaa mitumba tangu nizaliwe, Mama Makena. Sweta za watu. Viatu vya watu. Hata gauni la graduation. Hili ndilo la kwanza ambalo hakuna mtu amelivaa kabla yangu."

Wazungu wa hapa wakiona kitu cha zamani wanakisifia uzamani wake. Sisi tuliokua tukichagua nguo kwenye marundo ya sokoni tunajua kitu kingine kuhusu nguo iliyotanguliwa na mwili wa mtu. Nilikuwa nimekuja kumpa somo, na somo lenyewe lilikuwa limevaliwa mwilini mwangu, limepigwa brashi likapendeza. Nilichukua kadi ya maktaba kwenye mkoba, nikaanza kukwangua upande wa pili wa kioo. Tulikwangua hadi kioo kizima kikawa safi. Alinikumbatia kabla hajaondoka, manyoya kwa manyoya, na nikahisi jinsi alivyo mwembamba ndani ya ile fahari yake.

Nili-drive kurudi nyumbani nikingoja Makena aseme "nilikuambia". Alikuwa na haki. Mimi ningesema, ningekuwa yeye.

Hakusema. Tulipoingia nyumbani nililivua koti, nikalilaza kwenye kiti cha sebuleni. Yeye alibaki amesimama, bado na kofia yake ya sufu.

"Shiru amekasirika?" aliuliza.

"Ameumia."

Alikaribia. Tangu Krismasi hajawahi kuligusa. Leo alivua glavu, akaweka kiganja kwenye mkono wa koti, akakipitisha taratibu kufuata ulalo wa manyoya, kisha akakirudisha kinyume. Akafanya tena. Nilimwona akipambana na uso wake.

Akaongea Kiswahili. Kimevunjika-vunjika, lakini Kiswahili.

"Ni laini sana, Mum. Ndiyo maana ni mbaya."

Tulikaa pale wawili, koti katikati yetu.

Nimewaza kulipeleka mahali. Makena anasema kuna watu wanaotunza watoto wa wanyama walioachwa na mama zao, na huwatandikia makoti kama haya. Ni wazo zuri, na pengine lingefaa zaidi kuliko langu. Lakini Bi Dolores alinipa mimi, na sijaweza kulitoa. Hiyo pia ni kweli, na siipambi.

Kwa hiyo nimempigia simu Mama Furaha. Nimemwomba aligeuze: manyoya yaende ndani yawe bitana, juu ashone kitambaa cheusi cha kawaida, kisicho na makuu. Akauliza, "Unaficha?" Nikamwambia sijui. Akasema nilete kesho, ila nisimharakishe, ngozi iliyozeeka hupasuka ukiivuta.

Makena alikuwa anasikiliza.

"Bado utakuwa umewavaa," alisema.

"Ndiyo."

"Lakini hakuna mtu atawatamani." Aliwaza kidogo. Akainua mabega. Hakuniambia ni sawa, na sikumwomba aseme. Ameenda chumbani kwake, mlango ameuacha wazi.

Shiru nitamwacha na lake. Si mimi wa kumvua. Jumapili ijayo nitakaa naye benchi moja, nikiwa na lile jaketi langu la godoro mwilini, na akiniuliza koti liko wapi nitamweleza, pamoja na ile sehemu ya mzee aliyenishikia mlango. Nadhani ataielewa kuliko mtu yeyote.

Kisha litarudi kutoka kwa fundi, nami nitaingia dukani nimevaa kitambaa cheusi kama kila mtu, na hakuna atakayegeuka.

Hapo ndipo nitajua kama nilikuwa nasikia baridi, au nilikuwa natafuta macho.