Punda Bado ni ya Nne

Jumapili, 13 Julai 2025

Novatus kaja kusali kwetu Kanazi leo. Novatus hatoki Rulenge kuja kusali kwetu bila sababu. Misa ilipoisha kanivuta pembeni, kaniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba ananiuzia mali ya magendo: Nane Nane hii tunatazama au hatutazami?

Tunatazama! Nimemjibu kwa sauti yangu ya kawaida. Kosa. Wifi Niyokwizera alikuwa nyuma yangu, anafungua mwavuli wake.

Wengine siku ya wakulima huenda kwenye maonyesho kuangalia maboga makubwa. Sisi humtazama Bwana Chapati. Filamu sita za kuchekesha, za zamani kuliko ndoa yangu, za Wazungu ambao hata Novatus aliyezinunua hajui ni wa nchi gani. Alizipata zikiwa kanda, enzi za banda lake la video pale Rulenge. Baadaye, banda likiwa bado hai, akazihamishia kwenye CD. Jina halisi la Chapati hatulijui, tulimwita hivyo kwa sababu ya kofia yake. Na lugha yao hakuna aliyeielewa, kwa hiyo mume wangu Idefonsi alisimama kando ya televisheni na fimbo, akatafsiri. Naye hakuielewa! Banda zima lilijua. Alikuwa anatunga tu, na watu walikuja kumsikia yeye.

Banda lilikufa, tukabaki wanne: Novatus, Eustakia, Idefonsi na mimi. Kila Nane Nane tunazitazama tena zote, halafu tunazipanga, ya kwanza hadi ya sita, kwa mkaa, nyuma ya mlango wa stoo yetu. Eustakia anapima kwa machozi. Asipolia kwa kucheka, filamu inashuka. Novatus anakumbuka ipi ilimvunjia mabenchi mengi. Idefonsi kila mwaka aliweka ya Punda juu kabisa. Mimi kila mwaka: ya Bomba juu, Punda ya nne. Tulinuniana hadi asubuhi ya pili.

Sasa hayupo. Tangu Novemba.

Wifi kanifuata hadi njia panda. Kwao, anasema, mjane hacheki mbele za watu kabla ya kuganduka. Kuganduka ndiyo siku ukoo unapokusanyika kuuvua msiba, mwaka ukitimia. Nimemwambia nimeolewa kwenu tangu nikiwa msichana, najua kuganduka ni nini. Kasema: basi kama unajua.

Najua. Na nitatazama.

Jumanne, 15 Julai

Wifi amekuja nyumbani. Hakukaa. Kasema nikicheka Nane Nane nisimtegemee mtu yeyote wa ukoo Novemba. Nitabaki na msiba wangu peke yangu.

Si maneno madogo hayo. Mimi Muhangaza, nimeolewa kwa Warundi, na kwao mjane hajivui msiba mwenyewe. Wao ndio wanaoleta chungu cha urwarwa, pombe yetu ya ndizi, wao ndio wanaokunywa pamoja naye, wao ndio wanaosema: basi, inatosha, rudi kwa watu. Wasipokuja, mimi ni mtu wa matanga hadi nife. Harusini nitakaa pembeni kama mgonjwa. Na nawapenda, ndilo linaloniudhi! Watoto wangu ni wa ukoo huo.

Nimemwuliza kama Idefonsi angekubali haya. Kajibu kwamba Idefonsi hakuwa mtu wa kuulizwa mambo mazito.

Ni kweli. Ndiyo maana nilimpenda! Nimelisema hilo kwa sauti hadi kuku wakakimbia.

Jumapili, 20 Julai

Rulenge, kwa Novatus. Ametuita mimi na Eustakia, uso unamng'aa. Kanunua flashi Ngara mjini — filamu zote sita, picha safi kama zimefuliwa, na sauti ya Kiswahili! Mtu kazitafsiri, neno kwa neno, mtu aliyesoma lugha yenyewe.

Tukaanza na ya Bomba. Mungu wangu!

Yule mwanamke wa kofia yenye manyoya, anayemkimbiza Chapati na sufuria — miaka yote hii tunajua ni mama mkwe. Tumemcheka kama mama mkwe. Eustakia alimpa mama mkwe wake jina la yule, hadi mama huyo anazikwa aliitwa hivyo kwa siri. Kumbe si mama mkwe hata kidogo! Ni jirani, anatafuta paka wake. Na yale mazishi ya katikati, Chapati anapotumbukia kaburini, si mazishi. Wanachimba mtaro wa maji. Ndiyo maana hakuna anayelia! Sisi tulidhani Wazungu ndivyo wanavyozika, kwa makoleo na filimbi.

Eustakia kacheka hadi kajifuta macho kwa kitenge. Mimi nimekaa tu. Halafu akasema sasa itabidi tuzipange upya zote, kwa haki, kwa maana yake halisi. Na Novatus naye: Punda tuipe namba moja mwaka huu, shemeji, kwa heshima ya marehemu.

Hapo nikasimama. Nimewaambia hapana, yote mawili. Hatupangi paka wa jirani! Tunapanga tulichokitazama sisi, na tulichokitazama ni mama mkwe. Na Punda ni ya nne. Nimebishana na Idefonsi juu ya huyo punda tangu tukiwa vijana, kwa heshima zote, bila kumwachia. Leo nimpe namba moja kwa huruma? Ndipo nitakuwa nimemzika kweli.

Novatus kazima televisheni. Eustakia kaniangalia, akaniambia polepole: Agripina, wewe leo hujacheka hata mara moja.

Nililijua hilo kabla yake. Juu ya bodaboda, njia nzima hadi Kanazi, vumbi mdomoni, nililijua. Wifi anahangaika bure. Anakataza kitu ambacho sina.

Alhamisi, 24 Julai

Nimejaribu leo jikoni, peke yangu, nikichambua maharage. Ha ha ha. Imetoka kama mbuzi anayekohoa. Mbwa kainuka, akaondoka.

Naogopa. Haya, nimeandika. Naogopa kicheko changu kimekwenda naye.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeamua na nimeshawaambia. Nane Nane ni kwangu. Mchana kweupe, mlango wazi, si kwa kujificha Rulenge kama wezi. CD za zamani, na mikwaruzo yake. Sauti ya Wazungu tunaizima. Fimbo nitashika mimi.

Novatus: wewe, shemeji? Mimi. Maneno yote unayakumbuka? Nimelala kando ya maneno hayo, Novatus, alikuwa akiyafanyia mazoezi kitandani! Kakohoa. Kasema ataleta deki.

Mchana wifi. Kaja na ndoo na brashi. Wageni wa kuganduka wataingia stoo kuchukua vyungu, anasema, haifai wakute mlango umechorwachorwa mkaa. Kwa hiyo bado anapanga kuja Novemba! Nimeliona hilo, nikanyamaza nalo. Lakini nilisimama mbele ya mlango. Nimemwambia: huu ni mwandiko wa kaka yako, ukitaka kuufuta anza na mimi, nipake sabuni.

Kautazama mlango muda mrefu. Punda, Punda, Punda, kila mwaka juu kabisa, na pembeni mwandiko wangu: ya nne!!! Kauliza Punda ni nini.

Kumbe hajawahi kuona hata moja! Banda lilikuwa la wahuni, anasema, msichana wa heshima hakuingia. Na akishasema kitu ni cha wahuni, angerudije nyuma kukitazama? Hilo namwelewa. Hata mimi nisingerudi.

Nikamwambia njoo Ijumaa. Kasema hawezi kukaa mahali ambapo mjane anacheka. Basi njoo usimame, nikamwambia.

Kaondoka na ndoo yake. Maji hakuyamwaga.

Jambo moja sikumwambia. Katika ya Punda, CD inakwama mahali pale pale kila mara. Chapati kampanda punda kinyumenyume, mguu mmoja hewani, chini yake dimbwi la tope. Picha inaganda. Na hapo ndipo Idefonsi alipojaza kwa maneno ambayo watu walikuwa wakiyasubiri tangu mwanzo, wakayapiga kelele pamoja naye: Nikianguka, msimwambie dada yangu! Kisha anaeleza huyo dada alivyo. Mwavuli wake, jua liwe au mvua. Mdomo wake uliobanwa kama mfuko wa chumvi. Jinsi anavyonuna hata akila nyama.

Idefonsi alikuwa na dada mmoja tu. Rulenge nzima ilijua ni nani, isipokuwa mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti — Nane Nane

Naandika jikoni, haraka. Nimewaambia nafuata maji.

Wamejaa! Nilialika wawili, wamekuja wale wa banda la zamani, wengi wana mvi sasa, kila mmoja na kigoda chake. Nani kawaambia? Novatus anaangalia dari. Eustakia kaleta urwarwa na mirija. Sebule imejaa hadi kwenye korido, mablanketi madirishani kuzuia jua.

Nimeanza vibaya. Sauti imetoka kama ya kusoma matangazo ya ndoa kanisani. Ya Garimoshi imepita yote, watu wakikohoa kwa adabu. Halafu ya Bomba. Mama mkwe kajitokeza na sufuria, Novatus kanong'ona: paka. Nimempiga fimbo ya goti! Na hapo nikamfungulia mama mkwe mdomo, maneno yakaanza kuja yenyewe, na yale ya Idefonsi na mengine sijui nimeyatoa wapi. Nikawazika Wazungu kwa makoleo na filimbi. Mwanamume mzima kaanguka na kigoda chake. Eustakia analia, kwa hiyo ya Bomba iko salama.

Mimi bado. Macho makavu. Nasema tu, wanacheka wao.

Katikati ya Punda mwanga ukaingia. Mlangoni — wifi, na mwavuli. Wamempa kiti, kakataa. Kasimama kizingitini, hakuingia, hakutoka.

Na CD ikakwama. Pale pale.

Mguu hewani. Tope chini. Sebule nzima ikavuta pumzi iseme lile neno, ikamwona aliyesimama mlangoni, ikaimeza pumzi yake. Mzee mmoja kajifunika uso kwa kofia. Halafu wote wakanigeukia mimi. Ndipo nikasema maji.

Nikilisema, wifi atajitambua mwenyewe. Mbele za watu, katika nyumba ya msiba, kwa mdomo wa mjane. Novemba itakuwa imekwisha kwangu — asipokuja yeye, hakuna atakayethubutu kuja. Nisipolisema, Chapati atabaki juu ya punda na mguu wake hewani, na Idefonsi atakuwa amekufa hadi hapa sebuleni kwetu. Hilo sikubali!

Na kuna jingine. Nimeuma pindo la kitenge. Nilipomwona pale, mwavuli ule, mdomo ule ule, hajakosea hata kidogo, kimenipanda. Kiko hapa kooni. Nakijua, ni chenyewe, wala si cha mbuzi. Kinanitikisa mabega hadi mwandiko unaruka. Nikifungua mdomo kitatoka, na hakuna wa kukirudisha.

(Punda bado ni ya nne. Hata leo. Anisikie huko aliko.)

Nasikia Novatus anataka kuitoa CD aifute. Eustakia kamkemea, iache! Sasa kiti kinavutwa sakafuni. Kimelia — mtu kakaa. Na sauti ya wifi, kavu:

"Kwani hapo kaka alikuwa anasemaje?"

Najua wote wanaangalia mlango wa jikoni.

Haya. Fimbo yangu iko wapi?