Trima wa Bustani za Mill Lane

Jumatatu, 4 Machi 2019
Mvua. Wilf, jirani yangu wa bustani, kaniletea kabichi. Kura za kamati ya bustani Jumamosi, anasema, zitakuwa nne kwa nne. Kanuni: kipande kisicholimwa mwaka mzima hurudishwa, apewe anayengoja. Cha marehemu Clem kimelala tangu afe. Mjane wake, Beryl, hataki kukiachia; Moira na wanawe watatu, wanaoishi ghorofani, wanangoja zamu mwaka wa nne. Mimi ndiye mwenyekiti, kura ya kuamua yangu. Nimesema labda tukigawe. Wilf akacheka. "Trima mkubwa wewe, Nassor. Huku nusu, kule nusu, mzee!" Akaniachia na kisu chake cha kukatia kabichi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelitafuta vitabuni neno hilo la Wilf. Miaka ya 1680, Watori na Wawhigi, vyama viwili vya Waingereza, wakikamiana, Trima lilikuwa tusi: mtu anayegeuka na upepo. Kisha mkubwa mmoja akalipokea kama sifa — mashua ikilalia upande, lazima mtu ahamie upande wa pili, la sivyo wote wanazama. Nimeusoma ukurasa ule mara tatu.

Kwetu Unguja, zama za siasa, sifa hiyo haikuwapo. Nilihudhuria maziko ya watu wa vyama vyote viwili. Vyote viwili vikaacha kuitikia salamu yangu. Nina miaka hamsini na mitano huku kwa Waingereza.

Jioni chai kwa Beryl. "Wilf anasema utakigawa kipande changu. Mtufaha wa Clem uko katikati kabisa, Bwana Nassor. Utaupitisha msumeno?" Kanikatia keki ya pili hata hivyo.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika kwenye kibanda cha zana. Nne kwa nne. Nimeomba dakika kumi.

Desturi ya Waingereza: kura zikilingana, mwenyekiti huacha mambo yalivyo. Hakuna atakayenilaumu. Ila Moira atangoja tena.

Nilitaja kugawa: Moira alime pande zote za mtufaha, matufaha yawe ya Beryl. Wilf kaguna. Beryl kaangalia mikono yake.

Nawaona Beryl na Moira kupitia mlango. Wamekaa benchi moja, wameacha nafasi ya mtu mmoja katikati. Kikombe changu kipo pale. Kifuniko kakiweka Beryl.

"Trima! Chai inapoa!"

"Usimharakishe, Wilf. Mwache afikiri." Huyo Beryl.

Nakwenda kukaa pale katikati. Bado sijui nitasema nini.