Pasi ya Treni na Macho ya Humoud

Ibra,
Sharqiyah Kaskazini,
Oman.

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Fawziya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Bwana Mahrous na wote waliomo nyumbani, na kwamba goti lako limepata nafuu. Usinijibu kwa mkato kama kawaida yako, "alhamdulillahi tuko salama," kisha ukanyamaza. Nataka kujua: unapanda ngazi sasa, au bado unashikilia ukuta? Na shangazi Bi Thuwaiba, anakula? Mara ya mwisho nilipomsikia kwenye simu sauti yake ilikuwa nyembamba, ikanikaa moyoni siku mbili.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Joto limevunjika, na asubuhi tunakunywa kahawa uani bila ya kutoka jasho. Barua hii anakuletea jirani yetu Bwana Humaid, anayekuja Unguja kwa biashara yake. Nimempa pia kopo la tende za fardhi na halwa ya Nizwa. Halwa usimwachie Mahrous peke yake. Sukari yake naijua.

Sasa nije kwenye suala lako. Umenambia mwanao Anas, huko Ujerumani aliko, anataka kukuzungusha Uswisi mwezi wa tano, na amekuuliza kama akununulie ile pasi ya treni ya wageni. Umesikia sisi tulinunua, ukataka kujua kama ina faida au ni kutupa pesa. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu na sikukujibu. Si kiburi, mdogo wangu. Jibu lake ni refu, na nyumbani kwangu simu ikilia kila mtu anasikia. Kwa hivyo nimechukua kalamu.

Unamjua mume wangu Humoud. Miaka thelathini kazi yake ilikuwa kupima barabara za serikali, na hata leo ukipita naye mahali atakwambia mteremko ule una kasoro. Mwaka jana daktari wa Maskati alimkuta na presha ya macho. Akampa dawa ya matone asubuhi na jioni, akatwambia kwamba uoni utapungua kidogo kidogo, na kinachopungua hakirudi. Wiki ile ile Humoud aliweka funguo za gari mezani mbele yangu, na tangu siku hiyo dereva ni mimi.

Haukupita muda akaanza maneno ya treni. Ati yeye hajapanda treni maishani mwake, na mtu aliyepima njia zote zile hawezi kufa bila ya kuona njia ya reli inavyopandishwa mlimani. Tukakubaliana twende Uswisi mwishoni mwa mwezi wa tisa.

Binti yetu Wiam, yule anayesomesha hesabu Nizwa, akajitolea kupanga safari. Alikuja Ijumaa moja na kompyuta yake, na kila siku ameiandika: treni gani, saa ngapi, dakika ngapi. Tiketi moja moja, zikinunuliwa mapema, zilikuwa rahisi mno. Pasi yenyewe unalipa mara moja, karibu riali mia mbili kwa mtu mmoja, halafu kwa siku nane unapanda treni, basi na meli za maziwani bila ya kukata tiketi. Sisi wawili tungelipa karibu mara mbili ya hesabu ya Wiam.

"Baba, hii kitu ghali," alisema, na Kiswahili chake unakijua. "Haina faida kwa nyinyi."

"Na nikitaka kushuka njiani?" Humoud akamuuliza.

"Kushuka wapi? Kila kitu iko hapa."

"Sijui wapi. Nitajua nikifika."

Wiam alicheka. Mimi nikasema, "Humoud, usiwe mtoto." Neno hilo lilinitoka mbele ya binti yake. Akainamia kompyuta, akaitazama kwa karibu sana, akasema, "Haya, kama mnavyoona nyinyi," akaenda zake kuswali. Nami nilifurahi kwamba nimeokoa pesa.

Siku chache baadaye tulikwenda Sur kwa milka ya Wasan, binti wa kaka yake Humoud, siku ya kufungishwa ndoa yake. Tulipoipita Bidiyah kidogo, Humoud akanambia, "Simama hapa, mbele ya ule mti." Nikamwambia wanawake wananisubiri mimi na mabakuli ya chakula niliyowabebea, tutasimama wakati wa kurudi. Akageuza shingo mpaka mti ukapotea.

Kesho yake, wakati wa kurudi, nilisahau kabisa. Kichwa changu kimejaa mambo ya milka, nani alivaa nini, nani hakusalimiwa. Tulikwishaipita Bidiyah aliposema taratibu, "Pameshapita."

"Wapi?"

"Pale nilipokwambia jana. Palikuwa na kambi yetu ya kwanza, tulipokuja kupima njia hii. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili."

"Si ungesema, Humoud!"

"Nilisema. Nilitaka nipaone safari hii, Rumaitha. Safari nyingine sijui nitakuwa naona nini."

Hapo, Fawziya, nikapunguza mwendo. Nikageuza gari kwenye mzunguko wa mbele, nikarudi. Hapakuwa na kitu. Mchanga, mti mmoja wa ghafu, mbuzi watatu wa mtu. Yeye alisimama mikono nyuma, akazunguka ule mti, akanionesha lilipokuwa hema lao na walipokuwa wakipikia wali. Tulikaa karibu nusu saa. Mimi nikatoka pembeni nikampigia simu Wiam.

"Tiketi umenunua?"

"Kesho, Mama."

"Usinunue. Chukua pasi mbili, za siku nane."

Akauliza, "Mama, jua limekupiga?"

Basi tukaenda. Tulikaa Interlaken, mji ambao ukitoka nje unasikia Kiarabu mpaka unasahau uko wapi. Siku mbili za mwanzo tulikwenda kwa ratiba ya Wiam, maana niliibeba mkobani kwa siri, na mambo yalikwenda sawa. Humoud alikuwa kama bwana harusi. Anamuuliza kila mfanyakazi wa treni maswali ya reli kwa Kiingereza chake cha ofisini, nao wanamjibu kwa adabu.

Siku ya tatu tulipanda treni ya kwenda Luzern. Njia ile inapanda mlima mkali, na chini ya treni kuna gurudumu la meno linalong'ang'ania reli isiteleze. Humoud alifumba macho asikilize yale meno. Tulipovuka mlima na kuanza kuteremka, treni ikasimama kwenye kituo kidogo juu ya ziwa la kijani. Kengele za ng'ombe zinalia, hakuna mtu. Akasimama.

"Tushuke hapa."

Katika ratiba, hapo hapakuwamo. Nikachukua mkoba wangu, nikamfuata. Treni ikaenda zake.

Mvua ilikuwa inanyunya, nyepesi, kama ile ya vuli ya kwenu. Njia ya kwenda ziwani ina ngazi za mawe. Mimi nilikuwa kulia kwake, nafungua mwavuli. Nikasikia kishindo. Humoud yuko chini, ngazi tatu chini yangu, koti limechafuka tope, kiganja kinatoka damu. Ngazi za upande wa kushoto hakuziona. Na si kwamba alikuwa anatazama pengine, Fawziya. Alikuwa anazitazama.

Nilimkalisha kwenye benchi. Mama mmoja mwenye duka pale juu alishuka na taulo na plasta, akatuachia bila ya kusema mengi. Nilipokuwa namfuta mkono nikajaribu kitu. Nikapitisha vidole vyangu mbele ya jicho lake la kushoto, taratibu. Hakupepesa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akasema, "Tangu Ramadhani."

"Miezi sita! Na mimi nalala ubavuni mwako!"

"Ningekwambia ungenipeleka hospitali, na safari ingekufa. Nilitaka nione kitu kimoja kwanza, halafu wanifanye watakavyo."

Nilimgombeza, mdogo wangu. Nilimgombeza pale kwenye mvua kwa Kiswahili cha kwetu chote, yule mama wa duka akatokeza mlangoni kuangalia kuna nini. Nilimwambia amenifanya mjinga, amewafanya watoto wajinga. Na yeye ananisikiliza, taulo kichwani, mpaka nikaishiwa. Halafu nikalia. Akanambia, "Umemaliza? Sasa nitazamie, lile ziwa rangi yake ni ile ile mpaka mwisho, au inabadilika? Mimi naona kipande tu."

Nikamtazamia. Nikamwambia huku karibu ni kijani kama ndani ya embe bichi lililomenywa, na kule mbali ni nyeusi. Akatikisa kichwa, akaridhika.

Siku ile ile nilimpigia Wiam, naye akampata daktari wetu Maskati. Daktari alisema tusikose matone na turudi haraka, lakini siku mbili tatu hazitaharibu zaidi ya kilichoharibika. Ndege ya karibu tuliyopata ilikuwa baada ya siku tatu. Humoud aliogopa nitamfungia hotelini. Nikamwambia, "Vaa koti, twende."

Siku tatu zile, Fawziya, tulipanda njia ile ile moja, ya mlima na meno. Tunakwenda, tunashuka atakapo, tunarudi. Yeye anakaa dirisha likiwa upande wa jicho zima, mimi nakaa upande wa kushoto namhadithia. "Huku kuna nini?" Kuna nyumba ya mbao, mwanamke anakung'uta godoro. "Na sasa?" Kuna maji yanaporomoka jabalini, membamba kama uzi. Miaka thelathini na minane nimeolewa naye na nadhani sijawahi kutazama vitu kwa uangalifu kama siku zile. Ratiba niliitupa kwenye pipa la kituoni. Milima mikubwa hatukuiona.

Tuliporudi alifanyiwa operesheni, tarehe kumi na tano mwezi uliopita. Jicho la kushoto limekwenda, hilo tumekubali. La kulia presha imeshuka, na daktari anasema kama tutashika masharti anaweza kubaki na uoni huu alionao miaka mingi, insha-Allah. Wiam alikaa hospitali siku zote, anamlisha baba yake kwa kijiko kama kwamba mikono ndiyo iliyopasuliwa. Alipogundua baba yake alimficha, alimnunia siku nzima. Sasa anakuja kila Alkhamisi kutoka Nizwa, na hesabu ya matone ndiye anayeishika.

Kuhusu pasi, sitakudanganya. Wiam alipiga hesabu tena tuliporudi: siku nane tulilipa, tano na nusu tulitumia, na kwa njia tulizopita tiketi za kawaida zingetugharimu chini ya nusu. Kwa hesabu, tumepata hasara safi. Tena jua kwamba treni nyingine za milimani zina malipo yake juu ya pasi. Wewe Anas anakujua, amekupangia, na kwa goti lako mtakuwa mnakaa mahali pamoja zaidi ya kutembea. Kwa hivyo nakwambia kama dada yako: usinunue. Mwambie akukatie tiketi mapema, na kwa pesa zitakazobaki mle chakula kizuri. Akipata siku moja ya kuzurura ovyo, kuna pasi ya siku moja, hiyo inatosha.

Nisalimie Bwana Mahrous sana. Shangazi Bi Thuwaiba mpe shikamoo yangu, umbusu mkono, na umwambie uji wa pilipili manga aunywe hata kama hautaki. Wasalimie Anas ukiongea naye, na Tahani, na Bwana Khattab wa nyumba ya pili kama bado ananikumbuka. Wiam na kaka yake Yazeed wanakusalimu.

Mungu akuhifadhi katika kukaa kwako na kusafiri kwako, akuponye goti, na atukutanishe tungali tunaonana.

Ndimi dada yako, nisiyepungukiwa na mapenzi kwako,

Rumaitha

Fawziya, nilimsomea Humoud barua yote ili aseme kama nimemwaibisha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba kalamu. Mistari ya chini hii ni yake. Imepanda kidogo juu ya maandishi yangu, uisome polepole:

Shemeji Fawziya, wa alaykum salaam. Dada yako kakuandikia kila kitu sawa isipokuwa jibu. Nunua. Humoud.