Maandishi Yameondoka kwenye TV

Baba Ikram na wanangu,

Nimekwenda Nanyala kuchukua maharage, nitarudi alasiri. Wali umo kwenye hotipoti. Bushra, mpe bibi yako dawa akishakula.

TV ~~msiiguse~~ washeni mnavyotaka. Yale maandishi ya Kiingereza yaliyoziba nusu ya kioo wiki mbili hizi yameondoka, na niliyeyaondoa ni mimi.

Mlipotoka asubuhi, bibi aliniambia, "Stumai mwanangu, mimi nataka kuona sura za watu, hizo herufi sizijui." Roho iliniuma, maana nyumba nzima mnasema TV niliiharibu mimi siku ile nikifuta vumbi. Baba Ikram, ukanikataza hata kushika rimoti, mbele ya watoto.

Leo nimeishika. Wote tulikuwa tunahangaika na rimoti ya TV, kumbe maandishi yanatoka kwenye king'amuzi! Nikachukua rimoti yake, nikafungua menyu, nikapekua mpaka penye lugha na maandishi, nikazima. Yakatoweka palepale. Bibi alipiga vigelegele hadi Mama Lusungu akaja mbio kuuliza nani anaolewa.

Fundi uliyemwita mpigie simu asije.

Nikirudi nataka uniombe radhi, na watoto wawepo. ~~Wala sikukasirika.~~ Nilikasirika sana. Ila leo natoka nyumbani naimba, mpaka dereva wa bodaboda anayenisubiri hapa mlangoni ameniuliza nimepata nini.

Mama Ikram, fundi wa nyumba hii